Kwa nini Little Moreton Hall imepinda, na kwa nini haikubomolewa

Swali la msomaji wa Stoke-on-Trent: "Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita tuliwapeleka watoto kuiona Little Moreton Hall, ile nyumba ya mbao nyeusi na nyeupe karibu na Congleton, hapa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Imepinda kila upande, sakafu ya juu ina mawimbi, utadhani mafundi walikuwa wamelewa. Mzee aliyetuzungusha alisema ina miaka zaidi ya 500. Imepinda kwa sababu gani, na mbona haianguki? Watu waliokuwa na hela ya kujenga vile walishindwa kuirekebisha? Hela zenyewe zilitoka wapi, ni za biashara ya watumwa kama tunavyosikia kuhusu majumba mengine ya Waingereza? Na mwanangu wa miaka saba anauliza: hawakuwa na choo?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi, na nitaanza na lile ulilolipitia haraka, kwamba wenye hela walishindwaje kuirekebisha, kwa sababu mengine mengi yamejificha humo. Walishindwa kwa kuwa walifilisika. Na kama wasingefilisika, nyumba mliyoiona isingekuwepo leo. Wangeibomoa wenyewe, kwa furaha, wakajenga ya mawe au matofali kama majirani zao.

Lakini kwanza walikuwa nazo. Ukoo wa Moreton ulishika ardhi sehemu zile tangu karne ya 13. Hawakuwa malodi wala hawakukaa karibu na mfalme. Walikuwa wa lile tabaka lililo chini kidogo ya makabaila wakubwa: wana ardhi, wana nembo ya ukoo, na kijijini wakipita watu wanavua kofia. Ujanja wao ulikuwa kununua wakati ambapo wengine wanalia. Tauni ilipoingia Uingereza mwaka 1348 iliua sehemu kubwa ya watu, mashamba yakakosa walimaji, bei ya ardhi ikaanguka, na waliosalia na chochote mfukoni wakajikusanyia. Moreton walikuwa miongoni mwao. Kisha Mfalme Henry wa Nane akazivunja monasteri kati ya mwaka 1536 na 1541, na ardhi ya watawa ikafurika sokoni. Hapo tena nafasi ikawafungukia. Mwanzoni mwa utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza walikuwa na ekari 1,360, zikiwa na kinu cha kusagia nafaka, bustani za matunda, na kiwanda kidogo cha kuyeyushia chuma chenye nyundo zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji.

Kwa hiyo, kuhusu utumwa: swali lako ni la haki, na kwa ujenzi wa nyumba hii jibu ni hapana. Angalia miaka. Ujenzi mkubwa wa mwisho ulikuwa wa miaka ya 1560, na kipande cha jiko na chumba cha kutengenezea pombe kikaongezwa takriban mwaka 1610. Ni kweli John Hawkins alianza safari zake za kukamata na kuuza watu kutoka Afrika Magharibi mwaka 1562, lakini ule utajiri wa sukari uliojenga majumba ulikuja baadaye sana. Waingereza walianza kukaa Barbados mwaka 1627, na sukari ikaanza kuwatajirisha kuanzia miaka ya 1640. Wakati huo Moreton tayari walikuwa wanahesabu madeni. Ukitaka kuona jumba lililosimama juu ya migongo ya watumwa, nenda Harewood House karibu na Leeds. Ujenzi wake ulianza mwaka 1759, mwenyewe akiwa Edwin Lascelles, na mali ya ukoo wake ilitoka kwenye visiwa vya Karibi. National Trust, shirika linaloitunza Little Moreton Hall, lilitoa ripoti mwaka 2020 likitaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Basi usiache kuuliza kila unapoingia jumba jipya. Wengine watakunja uso, wewe uliza.

Hapa Cheshire, mkoa ilipo nyumba hii, jasho lilikuwa la wakulima wa palepale. Katika Uingereza ya ukabaila nyumba ya namna hii haikuwa makazi tu. Ilikuwa ofisi. Hapo ndipo kodi za mashamba zilipopokelewa, hapo ndipo kesi ndogo za mipaka na urithi wa mashamba ziliposikilizwa, na kwa desturi ya zamani mpangaji alilazimika kusaga nafaka yake kwenye kinu cha bwana na kuacha sehemu ya unga kama malipo. Ukiona mbao zote zile za mapambo ukutani, zile duara zenye petali nne zilizorudiwa mamia ya mara, ujue kwamba nyingi hazibebi kitu. Ukuta ungesimama bila hizo. Ziliwekwa ili mpangaji anayekuja kulipa kodi aone kwamba bwana ana miti ya kuchezea.

Sasa ujenzi wenyewe. William Moreton alianza takriban mwaka 1504 na ukumbi mkuu, ule ulio upande wa kaskazini wa ua. Zamani hizo inaelekea sakafu yake ilikuwa udongo uliotandazwa nyasi, na moto uliwashwa katikati. Wanawe na wajukuu wakaendelea kuongeza upande mmoja baada ya mwingine mpaka nyumba ikauzunguka ua pande tatu. Hakukuwa na ramani moja. Kila kizazi kilipata hela kikaongeza chake, na hilo peke yake linaeleza nusu ya vurugu uliyoiona.

Kuna mahali uani ambapo nataka mrudi mkapatazame. Ni yale madirisha mawili makubwa yaliyochomoza ukutani, yamesogeleana kiasi kwamba mapaa yake yanagusana. Juu yake kumechongwa maneno. Moja linasema Mungu ni yote katika yote, na kwamba madirisha haya yalitengenezwa na William Moreton mwaka 1559. Huyu ni William mwingine, wa kizazi kilichofuata. Pembeni kuna mchongo wa pili: Richard Dale, seremala, ndiye aliyetengeneza madirisha haya kwa neema ya Mungu. Yaani tajiri kaweka jina lake na fundi naye kaweka lake, juu ya kazi ileile. Mimi namwamini fundi. Enzi ile mafundi wengi walipita bila kuacha jina popote, kwa hiyo Dale ama alipendwa sana pale, ama alikuwa na kifua. Vioo navyo vilikuwa vya kujionyesha. Havikutengenezwa vipande vikubwa, bali vidogovidogo vilivyoshikizwa kwa vipande vya madini ya risasi, na nyumba nzima ina kama 30,000. Kioo kilikuwa bidhaa ghali. Mtu wa kawaida dirishani aliweka ubao tu.

Tuje kwenye kupinda. Mafundi hawakulewa. Kuta zake ni kazi ambayo wewe na mimi tunaijua vizuri tangu kwetu: nguzo na boriti zinasimamishwa kwanza, kisha katikati yake kunasukwa fito na kukandikwa udongo. Tofauti ni kwamba wao walisimamisha mwaloni, mti mgumu na mzito, kisha wakapaka chokaa juu ya udongo. Mwaloni huo ulichongwa ungali mbichi, kwa sababu ukishakauka patasi inaukimbia. Maungio hayakupigwa misumari. Ulimi wa boriti moja uliingizwa kwenye tundu la nyingine, kukatobolewa, kukapigiliwa kigingi cha mbao. Miaka ilipopita mbao zilikauka zikiwa tayari zimekaa mahali pake, zikajinyonga na kuvutana. Kwa hiyo kila nyumba ya mwaloni ya umri ule imepinda kidogo. Ila hii imezidisha, na mkosaji ni ghorofa ya tatu.

Ile sehemu ya juu yenye mawimbi, ile ndefu kama mita 21 iliyojaa madirisha pande zote, haikuwa kwenye mpango wa awali. John Moreton alipojenga upande wa kusini wenye lango, katika miaka ya 1560, mtindo mpya wa wenye nazo ulikuwa kuwa na baraza refu la juu, mahali pa kutembea na kucheza siku ambazo mvua haikatiki (na Cheshire unaijua). Naye akalitaka. Likapachikwa juu ya ghorofa mbili ambazo nguzo zake hazikuandaliwa kubeba la tatu. Halafu likaezekwa kwa mawe. Siyo vigae vya udongo, ni mabamba ya jiwe halisi, tani juu ya tani. Kuta za baraza ni madirisha matupu, hakuna pa kuweka mihimili ya mshazari ya kuzuia kuyumba. Uzito ukashuka, kuta zikasukumwa nje, boriti za chini zikabonyea, sakafu ikafuata. Hivyo ndivyo mawimbi yalivyotokea. Siyo tetemeko, siyo udongo mbaya. Ni mtu aliyetaka kitu ambacho majirani wanacho, na fundi ambaye hakukataa kazi. Yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi anawajua watu hawa wawili.

Walicheza kweli humo. Nyuma ya mbao za ukutani za baraza lile ilikutwa mipira minne ya tenisi ya mwanzoni mwa karne ya 17. Ilipenya kwenye nyufa, wachezaji wakashindwa kuitoa. Waambie watoto hilo, ni bora kuliko tarehe zote nilizokuandikia. Na kwenye ncha mbili za baraza, juu kabisa chini ya paa, kuna picha za plasta: upande mmoja Bahati na gurudumu lake, ambalo linatawaliwa na ujinga, upande wa pili Majaaliwa, yanayotawaliwa na maarifa. Zimeigwa kutoka kitabu cha elimu ya nyota cha Robert Recorde kilichochapishwa mwaka 1556. Recorde ndiye yule Mwelshi aliyebuni alama ya sawasawa ya hesabu, ile mistari miwili, mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo hawa mabwana wa mashambani hawakuwa wajinga wa vitabu.

Kwa nini haianguki? Kwa sababu ya vigingi vilevile. Ungio la mbao lililofungwa kwa kigingi linakubali kusogea kidogo bila kukatika. Nyumba inalegea mahali, inaegemea pengine, inatulia. Ukuta wa mawe ungepasuka. Lakini nisikufiche: mwaloni hauko peke yake tena. Baadaye sana ziliingizwa fimbo za chuma kulishika lile baraza la juu. Anayedhaniwa kufanya hivyo nitamfikia.

Tufike kwenye kufilisika. Mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Uingereza, Mfalme Charles wa Kwanza upande mmoja, Bunge upande wa pili. William Moreton wa wakati ule akasimama na mfalme. Majirani zake wengi wakasimama na Bunge, na Bunge ndilo lililoshinda. Mwaka 1643 mali yake ilitaifishwa na nyumba ikafanywa malazi ya askari. Alipeleka maombi, baada ya muda akarudishiwa, lakini vita vilikwishakula. Alipofariki mwaka 1654 aliacha deni la kati ya pauni 3,000 na 4,000. Usizipime kwa pauni za leo. Fundi stadi wakati ule alilipwa chini ya shilingi mbili kwa siku, na pauni moja ilikuwa shilingi 20. Ukoo ulijaribu kuuza mali yote, ukafanikiwa kuuza vipande tu vya ardhi, na warithi wakalazimika kuiweka rehani iliyobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1670 ukoo ulikuwa umehama. Nyumba ikapangishwa kwa wakulima.

Tazama waliobaki na hela walifanya nini. Palepale Cheshire kuna Lyme, jumba la ukoo wa Legh, nalo la karne ya 16. Miaka ya 1720 wenyewe walimleta Giacomo Leoni, msanifu kutoka Venice, akaligeuza kuwa kasri la mawe la mtindo wa Kiitaliano, lenye nguzo ndefu mbele. Ukiliona leo huwezi kudhani kwamba ndani yake kuna nyumba ya enzi za Elizabeth. Ni zuri, sikatai. Lakini la zamani limemezwa. Moreton nao wangefanya hivyo, sina shaka. Mbao na udongo katika karne ya 18 zilikuwa aibu, nyumba ya mtu aliyepitwa na wakati. Haddon Hall huko Derbyshire ilipona kwa njia inayokaribiana na hii: wenyewe walihamia kasri lao jingine mwanzoni mwa karne ya 18 na kuiacha karibu miaka 200 bila kuigusa. Kwao ilikuwa kupuuza. Kwa Moreton ilikuwa kukosa.

Mpangaji hana sababu ya kubadilisha mtindo wa nyumba isiyo yake. Anaziba panapovuja, anafunga vyumba asivyovihitaji. Mwaka 1841 iliingia familia iitwayo Dale (ndiyo, jina la yule seremala) na ikakaa zaidi ya miaka 100. Kufikia mwaka 1847 sehemu kubwa ya nyumba ilikuwa tupu, na lile kanisa dogo la upande wa mashariki lilikuwa stoo ya makaa ya mawe. Hebu fikiria, kuta zilizoandikwa mistari ya Biblia, na makaa yamelundikwa mpaka kiunoni. Fenicha nazo ziliyeyuka. Ndiyo maana mmekuta vyumba vitupu: kati ya vitu vya ukoo wenyewe vilivyotajwa kwenye orodha ya mwaka 1654, vilivyobaki ni vitatu, meza ndefu, meza kubwa ya duara na kabati.

Kutoguswa huko kulihifadhi hata vitu ambavyo wenyewe walikuwa wamevisahau. Kwenye chumba cha kupumzikia kilicho karibu na ukumbi, mbao za ukutani za karne ya 18 zilipoondolewa miaka ya 1970, nyuma yake kulikutwa michoro ya karne ya 16: habari ya Susana na wale wazee wawili waliomsingizia uzinzi, ile iliyomo katika Danieli wa Biblia ya Kikatoliki, na chini yake rangi iliyochorwa kuigiza marumaru. Marumaru ya bandia, dada. Hata enzi za neema walijua kubana matumizi.

Aliyeiokoa ni mtawa. Elizabeth Moreton, mtawa wa Kianglikana, alirithi nyumba mwaka 1892. Hakuwa mtu wa anasa, wala hakuwa na mpango wa kuhamia. Alisafisha kanisa, akatoa makaa, na inadhaniwa ndiye aliyetia zile fimbo za chuma. Alipofariki mwaka 1912 alimwachia binamu yake Charles Abraham, askofu, kwa sharti moja: isiuzwe kamwe. Askofu akaendelea na ukarabati na kuwafungulia watu mlango, kiingilio peni sita, na waliokusanya hizo peni ni akina Dale, wapangaji. Mwaka 1938 akaikabidhi kwa National Trust. Kwa hiyo tangu 1504 haijawahi kuuzwa hata mara moja. Wakati huohuo, kodi ya mirathi iliyoanza mwaka 1894 na kupanda kila baada ya vita iliwalemea wenye majumba, na mamia ya majumba ya mashambani yalibomolewa Uingereza katika karne ya 20, mengi yakiwa makubwa na imara kuliko hili.

Jambo moja dogo kuhusu rangi, maana kila mtu anapiga picha ya ule weusi na weupe. Huo ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni wa awali uliachwa bila kupakwa kitu, ukageuka kijivu cha kung'aa kadiri ulivyopigwa na jua na mvua, na udongo wa katikati ulipakwa rangi ya manjano-kahawia. Akina William Moreton wakifufuka leo watauliza nani kaipaka masizi nyumba yao.

Na choo. Mwambie mwanao walikuwa navyo, tena vya ghorofani. Kwenye upande wa kusini, karibu na lango, kuna mnara mdogo uliochomoza ukutani. Vyoo vimo humo, na kila kitu kilidondoka moja kwa moja kwenye lile handaki la maji mlilolivuka kwa daraja mkiingia. Handaki lenyewe lina upana wa mita 10 hivi na inaelekea ni la zamani kuliko nyumba. Kwa vita halikuwa na faida kubwa, kwa kuta za fito na udongo nyuma yake. Mkirudi, mpeleke asimame ng'ambo ya maji, atazame mnara ule kutoka nje, atapata jibu lake mwenyewe.